Dondoo muhimu: Sindano zikigoma wakati wa kafyu

Kafyu ya korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, wengi wetu Nyeri, Karatina na Nanyuki tulidhani tutamaliza kufuma vitambaa vya makochi kwa wiki mbili. Julai ilifika na baridi yake, uzi ukiwa bado kikapuni.

1. Usianze na blanketi. Fuma kitambaa kimoja cha mkono wa kochi, ukimalize.
2. Zima redio kwanza. Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wakati huo, tulimheshimu, aliwahi kuwa seneta wa Nyeri, lakini hesabu ya wagonjwa wa korona na hesabu ya mishono hazikai kichwa kimoja.
3. Shika kikombe cha chai moto kabla ya sindano. Vidole vya baridi hukaza uzi, na kitambaa cha duara kikajikunja kama bakuli.
4. Ukiota jiko la makaa, fungua dirisha na mlango. Kichwa kizito si uvivu kila mara: gesi isiyoonekana ya makaa huua. Uzi wa akriliki uwe mbali na moto.
5. Sweta ya shule ya rangi nzito ifume mchana. Usiku utaruka mishono, uione asubuhi.
6. Andika safu uliyofikia kwenye karatasi, uibane kwa pini.
7. Usifumue kazi ukiwa umechoka au umekasirika. (Mimi nilifumua mgongo mzima wa sweta, kosa lilikuwa kwenye mkono.)
8. Hesabu zikikushinda kabisa, sokota nyuzi za mkonge za kiondo.