Kivuli Kilirudi Nyuma Madaraja Kumi

Andiko la wiki: 2 Wafalme 20:1-19 na 21:1-2, Mathayo 1:10, Yohana 11:17-35



Jumapili niliwauliza swali: ukipewa nafasi ya kurudi nyuma mara moja tu, uzuie jambo moja lisitokee, utarudi siku gani? Mlicheka kidogo, halafu kanisa likanyamaza. Nikajua kila mtu ana hiyo siku.

Yangu ni Alhamisi moja ya mwaka wa 2012. Nilikuwa chuoni nikisomea biashara. Mdogo wangu alinipigia simu saa moja jioni akiwa kwa steji. Mvua inanyesha, matatu zimepandisha nauli, akaniomba nimtumie shilingi 200. Nilikuwa nazo. Lakini nilikuwa nimechoka kuombwaombwa, nikamwambia, "Jipange." Akapanda pikipiki bila helmeti. Hakufika nyumbani.

Kwa miaka saba nilikuwa narudi kwa hiyo simu. Usiku naipokea upya, namwambia, "Ngoja hapo, nakutumia." Anafika nyumbani, anakula, analala. Halafu kunakucha, na kaburi liko palepale.

Basi nilipofika 2 Wafalme 20, nilisoma polepole sana.

1. Saa ikirudi, moyo unaweza kubaki ulipo

Mfalme Hezekia aliugua, nabii Isaya akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu atakufa. Hezekia akageukia ukuta, akaomba, akalia. Mungu akasikia, akamwongezea miaka 15. Na ishara ilikuwa nini? Kivuli kwenye madaraja ya Ahazi kilirudi nyuma madaraja kumi. Siku za Yoshua jua lilisimama. Hapa kivuli kinarudi kilikotoka! Hezekia alipata kile mimi na wewe tunachotamani.

Sasa tuangalie alichofanya na huo muda. Wajumbe wakaja kutoka Babeli kumpa pole. Akawafungulia nyumba ya hazina, akawaonyesha fedha, dhahabu, silaha, hakuacha kitu. Isaya akamwambia hivyo vyote vitabebwa kwenda Babeli. Na kweli, zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka wa 586 kabla ya Kristo, Yerusalemu ilianguka.

Kumbe mtu anaweza kurudishiwa muda na akabaki na kiburi kilekile. Mimi pia najiuliza: ningerudi ile Alhamisi nikiwa na moyo uleule wa kuchoka na watu, ningetuma hizo 200, halafu ningemwambia nani "jipange" wiki iliyofuata?

2. Hujui unachofuta

Piga hesabu na mimi. Hezekia aliongezewa miaka 15. Alipokufa, Manase mwanawe akatawala akiwa na miaka 12. Maana yake Manase alizaliwa ndani ya ile miaka ya nyongeza. Na Manase ndiye aliyeijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Neno linasema wazi kwamba dhambi zake zilichangia Yuda kuondolewa (2 Wafalme 24:3).

Mtu anaweza kusema, "Basi turudi, tumwondoe Manase, tuzuie msiba wa Babeli." Ngoja kwanza. Fungua Mathayo 1:10. Manase yuko kwenye ukoo wa Yesu! Ukimfuta yeye, umemfuta Amoni, umemfuta Yosia, mfalme aliyerudisha taifa kwa Bwana. Na Manase mwenyewe, akiwa amefungwa pingu, alijinyenyekeza, na Mungu akamsikia (2 Mambo ya Nyakati 33:12-13).

Nisieleweke vibaya. Sisemi kifo cha mdogo wangu kilikuwa kizuri, na usiende matangani kumwambia mtu aliyefiwa maneno kama hayo. Ninachosema ni kwamba mimi naona ukurasa mmoja. Mungu anaona kitabu chote.

3. Kosa la hesabu halifutwi kwa raba

Darasani tulifundishwa kwamba ukikosea kwenye daftari la hesabu, hufuti wala huchani ukurasa. Unaacha lile kosa lionekane, kisha unaandika mstari mpya wa kulirekebisha, wenye tarehe ya leo.

Deni la dhambi Mungu analifuta kabisa, hilo tunaliamini. Lakini siku yenyewe ilishapita. Neema haikurudishi 2012. Inakupa kalamu leo.

Mtazame Martha, halafu Mariamu, kwenye Yohana 11. Kila mmoja alimwendea Yesu kwa wakati wake, na wote wawili walimwambia neno moja: kama angekuwepo, ndugu yao hangekufa. Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Yesu hakurudisha siku nne. Aliuliza wamemweka wapi, akalia, akaenda mpaka kwenye lile jiwe.

Hawa madada walinikumbusha nyumbani. Mwaka wa 2019 nilimwambia mama kuhusu ile simu. Nilitetemeka nikingoja anilaumu. Alikaa kimya, halafu akasema, "Mwanangu, mimi ndiye nilimpigia nikamwambia lazima afike usiku huo, kulikuwa na wageni." Miaka saba tumekaa meza moja, kila mtu na simu yake. Tulilia, tukaombeana msamaha, tukamshukuru Mungu.

Mwezi uliofuata tulinunua helmeti mbili, ya dereva na ya abiria, tukampa kijana wa jirani anayeendesha boda. Haimrudishi mdogo wangu. Ni mstari mpya.

Zoezi la wiki

Mtafute mtu mmoja wa nyumbani kwako, umwambie ile siku unayorudi kila usiku. Labda naye anarudi hukohuko. Kama uzito umezidi na hulali, usibebe peke yako. Njoo tuongee ofisini, au umwone mshauri.

Ya kujadili kwenye ushirika wa nyumbani

1. Ni tabia gani niliyokuwa nayo siku ile ambayo bado ninayo leo?
2. Nani nyumbani kwetu analaumiwa, au anajilaumu, na hatujawahi kuongea?
3. Mstari wangu mpya wa wiki hii ni upi?

Tuombe

Bwana, Wewe ulirudisha kivuli, nasi hatujui kutumia hata leo hii. Tusamehe tulipofunga mikono. Wafariji wanaorudi kwa siku moja kila usiku. Simu itakapolia leo, tupe moyo wa kupokea. Katika jina la Yesu, Amina.