Elfu Nne na Mia Tano Ndani ya Mkebe

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Nina genge la nyanya na mboga, mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Kazi zake ni za kubahatisha: akipata, anaacha 10,000 mezani, asipopata, tunakula kwenye genge. Januari nilichukua mkopo wa 300,000 kwa siri, katika hii mikopo inayoitwa kausha damu. Walikata 20,000 ya fomu, wakanipa 280,000. Shilingi 180,000 zilikwenda kwenye sare, viatu na madaftari, na 100,000 tukatoa mchango wa harusi ya mdogo wake mume wangu. Marejesho yalikuwa 13,000 kila siku kwa siku 30. Nilipokwama nikakopa kwa wengine ili niwalipe wale wa kwanza. Leo nadaiwa 260,000 pande zote mbili.*

*Wakija kudai, namtuma binti yangu wa darasa la sita aseme nimekwenda msibani. Sasa wiki iliyopita nimegundua kuwa na mimi ananidanganya. Hela ya mtihani ni 500, yeye ananiambia 1,000. Nilimchapa sana. Nilipofungua mkebe wake wa hisabati nikakuta 4,500. Kumbana, akasema anakusanya ili awape wale wakaka wa deni wasije wakabeba godoro. Shangazi, nimfundishe vipi huyu mtoto mambo ya pesa asije akawa mwizi? Mume wangu si mpigaji, lakini akijua atanuna mwezi mzima.*

*Mama wa Mbagala*

Mwanangu, nianze na huyo binti, maana ndiye aliyenikosesha raha tangu niliposoma barua yako. Hujazaa mwizi. Mwizi anakula alichoiba, na huyu hajala hata andazi. Ameona watu wanakuja mlangoni, amesikia neno godoro, ameona mama yake anajificha chumbani, na hakuna mtu mzima aliyemkalisha akamweleza. Akakaa na hofu yake, akaitafutia dawa kwa akili ya miaka kumi na miwili. Dawa yenyewe ameitoa kwako: ulimfundisha kwamba jambo la pesa likibana, mtu hutunga uongo.

Kwa hiyo somo la pesa uliloniomba tayari analisoma, na ametangulia mbele. Nyumba yenu inamfundisha kwamba pesa ni siri, baba haambiwi, mdai anadanganywa, na mzigo unabebwa na aliye mdogo kuliko wote. Hilo ndilo la kubadilisha kwanza. Kibubu na akaunti ya mtoto vitakuja baadaye.

Leo hii, kaa naye mkiwa wawili. Mwombe radhi kwa kumchapa, na zaidi kwa kumtuma aseme uongo. Wako watakaokwambia kwamba mzazi akimwomba mtoto radhi anajishusha. Usiwasikilize. Mweleze kwamba deni ni la watu wazima na litalipwa na watu wazima, na kwamba kuanzia sasa wakija, mlango utaufungua wewe. Zile 4,500 zimetoka kwenye pochi yako kwa njia isiyo sahihi, basi azirudishe mwenyewe kwa mkono wake, mzihesabu pamoja, ziwekwe akiba kwa ajili ya mitihani ijayo. Usizitie kwenye marejesho. Ukizitia, utakuwa umekubali kwamba kazi ya kuokoa godoro ilikuwa yake kweli.

Halafu mumeo. Hapa sitakuzungusha: lazima ajue, na ajue kutoka kwako kabla hajaambiwa na jirani. Unaogopa kununa kwake. Mwezi wa kununiwa ni mgumu, nakubali, lakini una mwisho wake. Deni lililofichwa halina mwisho, kwa sababu unalilipa kwa kukopa tena. Tena soma vizuri barua yako uliyoniandikia. Sentensi moja umeipitisha haraka haraka: 100,000 ilikwenda kwenye harusi ya mdogo wake. Nani aliahidi mchango huo? Kama ni yeye aliyetoa ahadi mbele ya kamati huku mfukoni hana kitu, na wewe ukakopa ili asiaibike, basi theluthi nzima ya mkopo huu ni aibu yake uliyoisitiri. Sikwambii uitumie kama fimbo. Nakwambia usiingie kwenye mazungumzo hayo kama mkosaji peke yako.

Michango ya harusi imezimaliza nyumba nyingi tunazozifahamu. Kadi inakuja, kundi la simu linafunguliwa, majina yanaorodheshwa pamoja na viwango, na mtu anaona bora akope kuliko jina lake libaki na sifuri. Nyinyi wawili kubalianeni kiwango chenu cha mwaka mzima kwa sherehe zote, na kikiisha kimeisha. Ndugu mwenye busara ataelewa. Asiyeelewa hakusaidii siku watakapokuja kuchukua godoro.

Usimwambie usiku akirudi na uchovu wa kazi. Tafuta asubuhi ya Jumapili au siku asiyokuwa na kazi, watoto wakiwa nje. Shika karatasi mkononi: nani anadai, kiasi gani kimelipwa, kiasi gani kimebaki. Mtu aliyekasirika hutulia kidogo akiona tarakimu, kwa sababu zinampa kitu cha kufanya. Na kama utahisi hasira imepita kununa, mwite mshenga wenu. Hakuwekwa kwa ajili ya posa tu.

Sasa tuhesabu, maana nahisi hujawahi kuhesabu mkopo huu mpaka mwisho. Shilingi 13,000 mara siku 30 ni 390,000. Mkononi ulipokea 280,000. Kwa hiyo umelipia 110,000 kutumia 280,000, tena si kwa mwezi mzima, kwa kuwa ulianza kurejesha kesho yake. Ilipofika siku ya kumi na tano ulikuwa umesharudisha 195,000. Pesa za watu ulikaa nazo nusu tu ya muda uliolipia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwa wale wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za watu, Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 300,000 hiyo ni 10,500. Wewe umetozwa 90,000, na juu yake zile 20,000 za fomu.

Nenda kwa wakopeshaji wako wote wawili ukiwa na mumeo. Ombeni kuona leseni, na mpewe nakala ya mkataba mliosaini. Wasioweza kuonyesha leseni wakaleta vitisho, pelekeni jambo hilo ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti awaite. Sisemi msilipe. Mliyokopa mlipe. Ila mnayo haki ya kukaa mezani na kukubaliana marejesho ya wiki ambayo genge linaweza kuyabeba, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia ndani akabeba vitu kwa sababu tu ana sauti kubwa. Wala usishawishike na mikopo ya kwenye simu ili uzibe pengo hili. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, na waliokopa huko wanajua jinsi ndugu na marafiki wanavyotumiwa ujumbe wa kuaibisha mtu akichelewa siku chache.

Jambo jingine ni genge lenyewe. Umeandika kwamba mumeo asipopata “tunakula kwenye genge”, na nadhani mtaji wako unapotelea hapo. Ukitoa nyanya, kitunguu na mchicha wa jioni bila kuandika, kesho ukienda sokoni unakuta hela ya kununulia tenga haitoshi, unafikiri biashara mbaya. Biashara si mbaya, imeliwa. Nunua daftari la kurasa chache, kila unachochukua kwa ajili ya nyumbani kiandike kama umemuuzia mteja, na mumeo akileta hela, genge lilipwe. Pesa za genge na pesa za nyumba zisikae pochi moja. Hata kwenye simu, tenga laini ya biashara peke yake.

Na Januari. Kila mwaka tunaikimbia kama imetushtukiza, wakati shule zinafunguliwa mwezi uleule tangu sisi tukiwa watoto. Ada ya shule za msingi na sekondari za serikali imeshaondolewa, lakini sare, madaftari na michango vimebaki kwetu. Wewe ulitumia 180,000. Hiyo ni karibu 500 kwa siku kwa mwaka mzima, bei ya mafungu machache ya mchicha. Deni likiisha, 500 hiyo itoke kila siku genge linapofungwa, iende mahali usipoweza kuigusa kirahisi.

Baada ya hapo ndipo nije kwenye watoto, na sasa utaona kazi si ngumu.

Anzeni na LUKU. Mkinunua umeme wa 5,000, mpe binti simu asome ujumbe kwa sauti: uniti ngapi zimekuja, na ngapi zimekwenda kwenye VAT, REA na EWURA. Tangu Agosti 2021 hata kodi ya jengo hukatwa humo humo kila mwezi. Mtoto wa darasa la sita anajua kutoa na kugawanya. Akiona kwamba 5,000 haikununua umeme wa 5,000, amejifunza habari ya kodi kuliko kitabu chochote. Kisha asome mita kabla ya kupiga pasi sare za wiki na baada ya kumaliza. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika inakula uniti moja, na yeye mwenyewe ataamua kunyoosha nguo zote mara moja badala ya kuiwasha kila asubuhi.

Genge ni shule ambayo matajiri hawana. Siku ukinunua tenga, mwambie bei na nauli ya kulileta. Mkae mtenge zilizooza. Mwishoni mwa mauzo mhesabu pamoja, mtoe bei ya tenga, mtoe nauli, ajionee kinachobaki. Watu wazima wengi huziona noti za mauzo wakadhani zote ni faida. Usimwache tu akae gengeni mpaka usiku, wala usimtume kwa wateja wanaodaiwa. Kudai ni kazi yako.

Hela ya shule mpe ya wiki nzima badala ya kila asubuhi. Ikiisha Jumatano, usimwongeze, mradi anywe chai kabla ya kutoka na chakula cha nyumbani asikose. Itamuuma siku mbili. Ni afadhali aumie sasa kwa 1,000 kuliko akiwa na miaka thelathini kwa 300,000. Mdogo wake bado ni mdogo kwa hilo. Yeye mtume dukani na noti, arudi na chenji, aihesabu mbele yako. Kazi za nyumbani usiwalipe. Kuosha vyombo vya nyumba wanayokula si kibarua.

Kibubu kila mmoja awe nacho, na kila kibubu kiwe na lengo la karibu, kama mkoba au mpira. Hapa nina neno nisilotaka ulipite. Watoto wetu hupewa hela za sikukuu na wajomba na mashangazi, mama husema “lete nikutunzie”, na hela hiyo haionekani tena maishani. Karibu kila mtu mzima ninayemfahamu ana habari hiyo, na bado anakumbuka kiasi. Ukilazimika kukopa kwa mtoto, mwombe, andika kwenye daftari lilelile la genge, na umlipe siku mliyokubaliana. Hakuna kitakachomfundisha kulipa madeni kwa haraka zaidi ya kulipwa yeye.

Acheni pia kuwaambia “hatuna” wakati mnayo. Mtoto anasikia hatuna asubuhi, jioni anaona umenunua vocha. Mwambie ukweli: pesa ipo, lakini ni ya kodi ya nyumba. Si lazima ajue jumla ya deni wala maneno ya vitisho. Hayo yabaki kwenu wawili. Anachohitaji ni kujua kwamba kila shilingi mnayoikataa ina mahali inapokwenda.

Kwenye bahasha uligusia, pembeni kabisa, kwamba una hisa za 120,000 kwenye kikoba na umeacha kuhudhuria kwa aibu. Rudi. Vikoba vingi hukopesha hadi mara tatu ya hisa, kwa hiyo katiba yenu ikiruhusu mnaweza kupata 260,000 na kuwamaliza wakopeshaji wote wawili kwa mkupuo mmoja, na riba mtakayolipa itabaki kwa wanachama, wewe ukiwemo, siku ya kuvunja kikoba. Lakini usiombe kabla mumeo hajajua, na mkubaliane kwanza kati ya hela zake na faida ya genge ni kiasi gani kitatoka kila wiki. Mwone mwenyekiti wa kikundi nyumbani kwake kabla ya siku ya kikao, umweleze ulipotelea wapi, na faini za kutohudhuria uende nazo mkononi.