Mzizi wa Mjafari na Ndugu Yake wa China

Mjafari ni mti wa kimo cha wastani, wenye miiba iliyokaa juu ya vinundu vigumu vya gome. Jani lake likifikichwa hutoa harufu ya ndimu, wala si ajabu, kwa kuwa mti huu ni wa ukoo mmoja na michungwa na milimau. Wataalamu wa mimea huuita Zanthoxylum chalybeum. Misitu ya Milima ya Uluguru, hasa ya upande wa mashariki unaopokea pepo za mvua kutoka Bahari ya Hindi, si makao yake. Mjafari hupenda nyika na miombo ya nchi kavu iliyo chini ya milima hiyo.

Katika Afrika Mashariki majani ya mjafari hutiwa katika chai, na vijiti vyake hufanywa miswaki. Lakini sehemu inayothaminiwa zaidi na waganga ni gome la mzizi. Gome hilo ni chungu sana, na huchemshwa ili kutibu homa, maumivu ya tumbo na kikohozi.

Kusini mwa China upo mmea wa jenasi hiyo hiyo, uitwao Zanthoxylum nitidum. Huu hutambaa juu ya miti mingine, na miiba yake huchomoza hata pande zote mbili za jani. Kwa sababu hiyo Wachina waliupa jina la liang mian zhen, yaani sindano pande mbili. Matabibu wa huko hutumia mzizi wake uliokaushwa kutuliza maumivu ya viungo, ya tumbo na ya meno, kupunguza uvimbe wa mtu aliyeanguka, na kumtibu aliyeumwa na nyoka. Mjini Liuzhou, katika jimbo la Guangxi, hutengenezwa dawa ya meno yenye jina la mmea huo. Yaelekea watu wa nchi mbili zilizo mbali hivi, bila ya kushauriana, walipeleka kinywani miti ya ukoo mmoja kwa haja ile ile. (Jamaa mwingine wa jenasi hii ndiye azaaye pilipili ya Sichuan, ambayo hutia ganzi ulimini.)

Kemia yaeleza sehemu ya ulinganifu huo. Mizizi ya mimea yote miwili ina alkaloidi, yaani kemikali chungu zenye naitrojeni ambazo mimea mingi huzitumia kujikinga na wadudu na wanyama. Miongoni mwazo ni nitidini na kelerithirini. Uchunguzi wa mimea ya tiba ya Tanzania uliotangazwa mwaka 1994 uliutaja mjafari miongoni mwa mimea iliyozuia vimelea vya malaria kukua katika maabara. Kimelea hula himoglobini ya damu na kubakiwa na hemu, ambayo ni sumu kwake, hivyo huigeuza kuwa chembe ngumu zisizo na madhara. Nitidini hushikamana na hemu na kuzuia mageuzi hayo. Klorokwini nayo hufanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo.

Yafaa msomaji asikimbilie kufurahi. Molekuli ya nitidini ni bapa, na huweza kujipenyeza katika DNA na kuvuruga kazi yake. Kwa sababu hiyo watafiti wa saratani wameishughulikia, na kwa sababu hiyo hiyo huweza kudhuru chembe hai za mgonjwa pamoja na za kimelea. Kitabu rasmi cha dawa cha China huainisha mmea wenyewe, sehemu itumikayo na kipimo cha gramu 5 hadi 10 za mzizi mkavu, kisha huonya dhidi ya kuzidisha. Kipimo hicho ni cha liang mian zhen, si cha mjafari, na hakiwezi kuhamishwa kutoka mti mmoja hadi mwingine kwa hoja ya udugu. Mzizi unaopimwa kwa kiganja na kuchemshwa mpaka maji yabadilike rangi huwa dhaifu leo na mkali kesho. Mtoto mwenye homa ndiye aliye hatarini kuliko wote: mwili wake ni mdogo, na malaria humwelemea upesi. Anastahili kupimwa damu zahanati siku ile ile, si kungojewa baada ya kikombe cha tatu.

Utafiti wa dawa za namna hii ulipewa kitengo chake Muhimbili mwaka 1974, nacho kikawa Taasisi ya Tiba Asili mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilitungwa mwaka 2002.

Lipo jambo jingine, nalo ni la jembe. Achumaye majani huuacha mti ukiwa hai. Amenyaye gome la mizizi yote huuua. Mganga mwangalifu huchimba upande mmoja, hukata mzizi mwembamba wa pembeni, hufukia shimo, na hurudi kwa mti mwingine safari ifuatayo. Mchimbaji wa kuuza mijini, anayelipwa kwa gunia, hana sababu ya kufanya hivyo. Mbegu za mjafari, nyeusi na zenye kung'aa, huota kwa shida, hivyo pengo la mti uliong'olewa halizibiki upesi. Anayetaka kuupanda uani huzikusanya matunda yapasukapo, kabla ndege hawajazimaliza, na huzipanda kwa wingi kuliko miche anayoihitaji.