SOMO LA AFYA: SIKU TATU ZA KWANZA ZA KUACHA SIGARA

Tukipita nyumba kwa nyumba, wavutaji wengi wanatuuliza: "Nimeacha sigara mara nyingi, mbona ninairudia?" Somo la leo linajibu swali hilo.

Kwa nini mtu anateseka?

Ndani ya tumbaku mna kitu kinachoitwa nikotini. Ukivuta, inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache na kukupa raha fupi. Mwili ukishaizoea, unaidai kila siku. Ukiacha, nikotini inaisha mwilini kwa muda wa siku mbili au tatu, na hizo ndizo siku ngumu kuliko zote. Unaweza kupata:
- hasira za haraka
- kukosa usingizi
- kuumwa kichwa
- njaa nyingi
- kikohozi

Huku si kurogwa. Ni mwili unajizoesha kuishi bila nikotini. Kwa watu wengi hali hiyo hupungua baada ya wiki ya kwanza na kuisha kati ya wiki ya pili na ya nne.

Wengine walianza kuvuta wakati wa vita, au baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika, wakisema sigara inapunguza mawazo. Ukweli ni kwamba sigara inatuliza ile hamu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Mawazo yanabaki palepale.

Kabla ya kuanza

1. Chagua siku, na waambie watu wa nyumbani. Isiwe siku ya mgao wa chakula, ambapo utakaa foleni ndefu pamoja na wavutaji.
2. Toa tumbaku yote nyumbani. Kiberiti kikae jikoni, si mfukoni.
3. Chagua msindikizaji mmoja: mke, mume, jirani au rafiki.

Hamu ikija

Hamu kali hudumu dakika chache tu, kisha inapita hata usipovuta. Kwa hiyo:
- Ngoja. Usiseme "sitavuta maisha yangu yote". Sema "sivuti sasa hivi".
- Vuta pumzi ndefu, itoe polepole, mara kadhaa.
- Kunywa maji kidogo kidogo.
- Shika kazi: chota maji, palilia bustani, tengeneza uzio.

Siku hizi tatu kaa mbali na pombe. Wengi wanarudia sigara wakiwa kilabuni.

Kazi ya msindikizaji

Usimgombeze wala kumpeleleza. Ukimwona amekunja uso asubuhi, usimwulize, "Umeshavuta?" Mwambie, "Pole baba, leo ni siku ya pili, twende wote bombani." Mtembelee hasa jioni, baada ya chakula, maana saa hiyo hamu huwa kali. Hasira zake zivumilie, zitapita.

Akivuta moja, asiseme kazi yote imeharibika. Atupe zilizobaki na aendelee saa ileile.

Faida zinaanza mapema

Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Baada ya siku chache, hewa ya sumu iliyotokana na moshi inakuwa imetoka kwenye damu. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo inapungua karibu nusu ya ile ya mvutaji. Tena nyumba zetu ni ndogo: ukivuta ndani, watoto wanavuta pamoja nawe. Na ile hela ya sigara inanunua sabuni au dagaa.

Nenda kituo cha afya

Nenda ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, maana uvutaji unaongeza hatari ya kifua kikuu. Nenda pia kama una mimba na unavuta, au kama huzuni inakuzidi. Mwambie mhudumu kwamba unataka kuacha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, linasema hata ushauri mfupi wa mhudumu, wa sekunde 30 hadi dakika 3, unafaa.

KUMBUKA: Hamu inapita. Usiingoje peke yako.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Ni saa gani za siku hamu inakuwa kali zaidi?
2. Nani katika mtaa wetu anataka kuacha, na nani atamsindikiza?