Panya Mkubwa Kama Fahali: Nani Alimpima?

Mkisikia panya mnafikiria kile kinyama cha ghalani kinachotoboa magunia ya mahindi. Sasa hebu mfikirie mwenzake mkubwa kama fahali! Si hadithi za Abunuwasi. Aliishi kweli huko Uruguay, Amerika ya Kusini, miaka kama milioni 4 hadi 2 iliyopita. Jina lake la kisayansi ni Josephoartigasia monesi. Ni wa kundi la wanyama wagugunaji, ambao meno yao ya mbele hayakomi kukua: panya, kindi, nungunungu na wengineo.

Swali langu ni hili: kama hakuna mtu aliyemwona, nani alimpandisha kwenye mizani?

Kilichopatikana ni fuvu lenye urefu wa sentimita 53. Mwaka wa 2008, Andrés Rinderknecht na Ernesto Blanco walilinganisha vipimo vyake na vya wagugunaji walio hai, wakakadiria kilo 1,000. Lakini walisema wazi kwamba huenda ni 468 au hata 2,586. Mwaka uo huo Virginie Millien alikokotoa upya akapata kama 350. Mwaka wa 2022 Russell Engelman alipima upana wa kiungo kinachounga fuvu na shingo. Jibu lake? Kilo 480 hivi.

Fuvu ni lile lile, mbona kilo zinabadilika? Basi nenda bucha, uonyeshwe kichwa cha mbuzi peke yake. Utajua nyama ilikuwa kilo ngapi? Wapo mbuzi wenye vichwa vikubwa na miili iliyokonda. Ndiyo maana inafaa kupima mahali pasipofuata sana ukubwa wa uso na meno. Isitoshe, mgugunaji mkubwa kuliko wote walio hai, kapibara, ana kilo 50 hivi tu. Kutoka kwake hadi kwa huyu marehemu ni mbali, na kosa dogo la hesabu njiani huzaa kosa kubwa.

Wanafunzi wenzangu, sisi tumezoea kukariri tarakimu za ubaoni na kuzitapika kwenye mtihani. Anayeinua mkono huchekwa, ati anajifanya mjuaji. Lakini wataalamu hawa wanaulizana hadharani, na hakuna aliyemtukana mwenzake. Kwa hivyo ukipewa tarakimu, uliza kwa adabu: kilipimwa nini, na kilipimwaje? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hapo ndipo ninapokunja jamvi.