Mifupa Yenye Uwazi na Mifupa Iliyojaa

Wako wadhanio kuwa mfupa wenye uwazi ndani ni mfupa dhaifu, na kwamba kila mnyama mwenye nguvu hana budi kuwa na mifupa iliyojaa. Dhana hii ina kweli kidogo na kosa kubwa, na ndovu wa Mweiga atosha kutubainishia yote mawili.

Mweiga ni mji mdogo ulio kaskazini ya Nyeri, katika njia iendayo Nyahururu, na hapo ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Aberdare iliyoanzishwa mwaka 1950. Ndovu wa msitu huo hana katika mifupa ya miguu yake ule mrija wa uboho tuuonao katika mfupa wa ng'ombe buchani. Ndani mna mfupa wa vitundu mfano wa sifongo, nayo miguu husimama wima kama nguzo chini ya mzigo wa tani kadhaa. Lakini fuvu la ndovu huyo huyo ni nene, na unene wake umejaa vijumba vya hewa kama sega la nyuki. Lau lingalikuwa gumu lote, shingo ingalilemewa.

Katika msitu huo imeota mianzi, nayo yatufunza siri ya uwazi. Kiasi kimoja cha mfupa ukikifanya ufito uliojaa, hupindika na kuvunjika upesi kuliko ukikifanya mrija mpana.

Ndege wana jambo jingine. Baadhi ya mifupa yao haina uboho bali hewa, iliyoungana na njia ya pumzi. John Hunter, mpasuaji wa London, alionyesha katika karne ya 18 ya kuwa ndege aliyezibwa koo aweza kuvuta pumzi kwa mfupa wa bawa uliovunjwa. Basi kuku aliyevunjika bawa karibu na bega asimiminiwe maji wala dawa jerahani. Wala tusiseme hewa hiyo ni ya kurukia tu: mbuni haruki, na mifupa ya mapaja yake inayo; popo huruka, na mbawa zake hazina.

Nasi wa pwani tuna nguva, ambaye mbavu zake nzito zilizojaa humsaidia kukaa chini ya maji akila nyasi za baharini.

Lililo karibu zaidi na nyumba zetu ni kuku atagaye. Ndani ya uwazi wa mifupa ya miguu yake hujengeka mfupa mwingine, ghala ya kalisi, ndiyo madini ya chokaa. Ganda la yai lifanyikapo usiku, sehemu ya kalisi hutolewa humo. Ganda moja lahitaji gramu 2 hivi. Asipoipata tena katika chakula, mwili huila mifupa yenyewe, hata mguu ukavunjika kwa kushikwa tu. Wako wawapao kuku pumba na makombo peke yake, kisha kuku akilala asiinuke husema ametupiwa jicho, ilhali ufuo umejaa makombe ya chaza! Yaoshwe, yapondwe yawe chenga, yawekwe katika chombo chake mbali na chakula. Vifaranga wasipewe, kwani kalisi ikizidi hudhuru mafigo yao.