Kalamu za Wino za Zamani: Tazama Nibu Kabla ya Jina

Anayeanza kukusanya kalamu za wino za zamani kwa kawaida hukimbilia Parker, Waterman, Sheaffer na Montblanc. Ni kalamu nzuri, ila bei zake zimekwishapanda, vitabu juu yake vimejaa, na hata muuzaji wa vikorokoro anajua thamani ya alichokishika. Ushauri wangu ni kuwaendea watengenezaji wasiotajwa sana, hasa wale wa Uingereza wa miaka ya 1930 hadi 1950: Conway Stewart, Burnham na Mabie Todd wa London, Wyvern wa Leicester, Summit wa Liverpool, Mentmore waliotoa Platignum, na pamoja nao Mmarekani mmoja, Esterbrook wa Camden, New Jersey. Hizi zilikuwa kalamu za makarani, walimu na wanafunzi. Zilitengenezwa kwa wingi, nyingi zimelala kwenye madroo hadi leo, na mtu mwenye subira na meza safi anaweza kuzirudisha kazini kwa mikono yake mwenyewe.

Kilichoviua viwanda hivi ni bairo. Tarehe 29 Oktoba 1945 duka la Gimbels la New York lilianza kuuza bairo ya Reynolds kwa dola 12.50, na wanunuzi wakafurika. Muda si mrefu bei zilianguka, na katika miaka ya 1950 na 1960 watengenezaji wadogo walifunga mmoja baada ya mwingine. Conway Stewart, iliyoanzishwa mwaka 1905 na Frank Jarvis na Thomas Garner, ilijikokota hadi 1975. Kwa hiyo hakuna kiwanda cha kukurudishia kalamu ikiharibika. Afueni ni kwamba karibu zote zilijengwa kwa mtindo mmoja: kifuko cha mpira ndani, wenzo mdogo ubavuni wa kukibana, nibu mbele. Ukiijua moja umezijua nyingi.

Sasa, ukiishika kalamu ya jina usilolijua, anza na nibu. Mtengenezaji mdogo mara nyingi hakuwa na mtambo wa kutengeneza nibu. Alizinunua kwa wataalamu wa kazi hiyo, na ndiyo maana utakutana na maneno "Warranted 14 Ct" kwenye kalamu za majina mengi tofauti. Maneno hayo ni habari njema. Maana yake nibu ni dhahabu ya karati 14, na dhahabu haishikwi na kutu hata wino ukikauka juu yake kwa nusu karne. Nibu za Ulaya bara huandikwa 585, yaani kiwango kile kile cha dhahabu kwa hesabu ya elfu. Angalia neno "plated": hapo dhahabu ni utandu tu juu ya chuma. "Iridium Point" peke yake nayo haikuambii kwamba nibu ni dhahabu. Inazungumzia chembe ya ncha, na siku hizi maneno hayo huandikwa kwenye nibu nyingi za chuma za bei rahisi.

Chukua lenzi ya sonara, ile inayokuza mara 10, uitazame ncha. Kila upande wa mpasuko uwe na nusu yake ya chembe ngumu. Upande mmoja ukiwa umelika au umepukutika, kalamu itakwaruza karatasi, na kuchomelea chembe mpya ni kazi ya mafundi wachache sana duniani, tena ghali kuliko kalamu yenyewe. Tazama pia kuzunguka tundu la nibu na kando za mabega yake: ufa mwembamba kama unywele hujificha hapo. Nibu iliyopinda inanyooshwa. Yenye ufa iache, labda uwe unaitaka kalamu kwa vipuri vyake.

Kama muuzaji anaruhusu, gusisha ncha kwenye ukucha wa kidole gumba na ubonyeze kidogo sana. Nibu ikifunguka kwa ulaini na kurudi sawasawa, una kitu adimu, kwa sababu nibu zinazonesa namna hiyo karibu hazitengenezwi tena. Mabie Todd walisifika kwa nibu za aina hii, na wengi huzitafuta kwenye kalamu zao za Swan. Wao hao walitoa Blackbird kwa wenye mfuko mdogo, na nibu za Blackbird ni za dhahabu vilevile. Mimi nikiwekewa Blackbird yenye nibu nzima na Swan yenye nibu iliyochoka, sina haja ya kufikiri mara mbili.

Baada ya nibu, ijue malighafi iliyotumika kutengeneza mwili. Usipoijua, utaiharibu kalamu siku ya kwanza unapojaribu kuisafisha. Kuna tatu za kuzitambua. Eboniti ni mpira uliopikwa kwa salfa hadi ukawa mgumu. Isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha inuse, utasikia salfa. Ikiwa nyeusi na imekaa juani miaka mingi hugeuka rangi ya kahawia au zaituni, na maji ya moto huigeuza papo hapo. Seluloidi ukiisugua hutoa harufu ya kafuri, ile ile inayojulikana kila nyumba ya pwani, kwa sababu kafuri ni sehemu ya mchanganyiko wake. Ndiyo yenye rangi nyingi za kuvutia, mistari na marumaru, na ndiyo inayowaka kwa urahisi. Moto usiisogelee kabisa.

Ya tatu ni kaseini, na hapa ndipo kalamu nyingi nzuri zilipoangamia mikononi mwa watu wenye nia njema. Kaseini ni protini ya maziwa iliyogandishwa na kukazwa kwa formalini. Burnham waliitumia sana, na Conway Stewart pia. Inang'aa kwa kina ambacho plastiki ya leo haina, na rangi zake huwa kali na safi. Lakini inakunywa maji. Ukiiloweka usiku kucha, asubuhi utaikuta imevimba, imelainika na imepinda, na haitarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo fanya hii kuwa sheria: kalamu ambayo hujaijua malighafi yake usiiloweke. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uikaushe hapo hapo. Nibu na ulimi wake, kile kipande cheusi chini yake kinachopitisha wino, ndivyo vitakavyoingia majini, tena maji baridi, baada ya kuvitoa mwilini.

Tuje kwenye wenzo. Kalamu iliyolala miaka 60 ina kifuko kilichokauka na kuwa kigumu, wakati mwingine kimeganda na ubati wa chuma ulio chini ya wenzo. Ukiuvuta wenzo kwa nguvu, ama utavunjika ama utapasua mwili. Ujaribu kwa ukucha, ukigoma, uache. Kinachotakiwa ni kuitoa shingo, sehemu inayoshikwa na vidole wakati wa kuandika. Kwenye kalamu nyingi za Uingereza shingo imeshindiliwa tu, nyingine zina nyuzi za skrubu, kwa hiyo zungusha kidogo huku ukivuta. Joto la mashine ya kukaushia nywele husaidia, lakini liwe joto ambalo vidole vyako vinalivumilia, na kalamu izungushwe bila kusimama mahali pamoja. Gundi ya zamani iliyotumika ni shelaki, nayo hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Huna haja ya kuvuka hapo, na ukiwa na seluloidi mkononi ni hatari kuvuka hapo. Tumia kipande cha mpira kushikia, kamwe si koleo tupu.

Shingo ikitoka, kwangua mabaki ya kifuko cha zamani, kisha pima chuchu ambayo kifuko huvalishwa. Vifuko vipya bado vinauzwa, na namba zake si fumbo: ni kipenyo kwa sehemu za 64 za inchi. Namba 16 ni 16 kwa 64, yaani robo inchi, na ndiyo inayoingia kwenye Esterbrook J. Ndugu zake wembamba, LJ na SJ, huvaa namba 14. Kata urefu ili kifuko kisigonge mwisho wa mwili, kibandike kwa shelaki, si kwa gundi ya kisasa inayoshika milele, na uache kikauke usiku mzima. Kabla ya kukirudisha ndani kipake poda tupu ya talki. Poda ya mtoto yenye manukato haifai, mafuta yake hula mpira. Ukimaliza, tumbukiza nibu kwenye glasi ya maji, vuta wenzo, uone mapovu yanatoka na maji yananyonywa. Hiyo ndiyo kazi yote, na kwa anayeifanya mara ya kwanza furaha yake ni kubwa.

Kama ungependa kuanza bila kugusa nibu za dhahabu, anza na Esterbrook. Nibu zake nyingi ni chuma, lakini zimefungwa kwa skrubu pamoja na ulimi wake, unaifungua kwa vidole na kuweka nyingine. Namba ya nibu inakueleza inavyoandika: 2668 ni ya wastani, 9128 ni nyembamba inayonesa. Zinazoanza na 9 zina chembe ngumu ya kuchomelewa nchani. Zinazoanza na 1 au 2 chuma chenyewe ndicho kilichokunjwa kuwa ncha, hivyo huisha mapema zaidi. Kalamu moja na nibu tatu hukufundisha mwandiko kuliko kalamu tatu ghali.

Jina tumelifikia mwisho, na hapa ndipo pake. Lisome kwa mwanga wa kuegemea upande; maandishi yaliyofifia hujitokeza. Mwilini mwa Conway Stewart mara nyingi utakuta na namba ya toleo, kama 28, 58, 60 au 84, na ukiwa na namba hiyo unaweza kulinganisha kofia, klipu na nibu na za kalamu nyingine za namba ile ile. Jihadhari na kalamu zilizounganishwa: kofia ya moja, mwili wa nyingine. Tazama kama rangi na mistari vinakubaliana na kama nyuzi zinakaza bila kulegea. Pia usishangae kukuta jina la duka badala ya la kiwanda. Viwanda hivi vilitengenezea maduka kalamu zenye majina ya maduka hayo, na utamtambua mtengenezaji halisi kwa umbo la wenzo, klipu na ulimi. Wyvern ni rahisi kuwatambua pale walipovisha kalamu zao ngozi, ya mjusi, ya mamba au ya nguruwe. Katika hizo kagua kama ngozi haijakauka na kubanduka kwenye mshono.

Unaponunua kwa mbali, omba picha ya nibu kutoka juu na kutoka chini, picha ya mdomo wa kofia, maana nyufa hupenda kuanzia hapo, na picha ya maandishi ya mwilini. Muuzaji akisema kalamu "imetengenezwa", muulize kama kifuko kimebadilishwa au kalamu imesafishwa nje tu. Kununua kwa fungu, kalamu nyingi kwa bei moja, huleta nafuu ikiwa unaona angalau nibu mbili za dhahabu zisizo na ufa. Vinginevyo unanunua takataka za mwenzio. Ukipita London Jumamosi, soko la Portobello Road linafaa kutembelewa mapema asubuhi, lenzi ikiwa mfukoni. Na nyumbani usiwasahau wazee: uliza kwa adabu kama kuna kalamu ya zamani kabatini, na ukiikuta waambie wasiuguse wenzo mpaka uje.

Wino uwe ule mwepesi unaooshwa kwa maji. Wino wa kuchorea unaoitwa wino wa India una shelaki ndani yake, na utaziba kalamu moja kwa moja. Wino wa mihuri nao si wa kalamu. Hifadhi kalamu mahali pa giza, pakavu na penye hewa, nibu ikitazama juu, bila wino kama huitumii. Usizifungie seluloidi kwenye kisanduku kisichopumua. Hata kifuko cha mpira chenyewe hutoa mvuke unaogeuza seluloidi za rangi nyepesi, hasa kijani kibichi, kuwa hudhurungi. Wanaoishi pwani wafungue kalamu mara kwa mara kukagua ubati wa chuma ulio chini ya wenzo, kwa kuwa hewa ya chumvi huula kimyakimya.

Mwisho, weka daftari. Kwa kila kalamu andika maneno yote yaliyochongwa mwilini na kwenye nibu, rangi, urefu, namba ya kifuko, na ilikotoka. Mengi yanayojulikana leo kuhusu viwanda hivi vidogo yamekusanywa na watu wa kawaida kwa namna hiyo hiyo, kalamu moja moja, na baadhi yake yamechapishwa katika jarida la Writing Equipment Society la Uingereza. Kazi haijaisha. Ukikutana na jina ambalo hakuna anayelijua, liandike, lipige picha, uwaonyeshe wengine.